Jina Lililokatwa Wimboni

Kasoro yenyewe ilianza ndogo, ya aina ambayo mtu mwenye shughuli zake huipuuza. Mteja mmoja wa Kabazi alirudi dukani na simu mkononi, uso umekunjamana, akamwambia Zeddy kwamba wimbo aliowekewa jana yake ulikuwa unakata.

"Hii ngoma iko na shida, madam," alisema. "Inafika hapa katikati inanyamaza, alafu inarudi. Ni kama mtu amekula maneno."

Zeddy alichomeka earphone akasikiliza. Ulikuwa ule wimbo wa mvua, uliouzika kuliko nyimbo zote za duka hilo, wenye picha yake yeye Zeddy kwenye jalada la CD, amejaza shanga shingoni na kutabasamu kana kwamba ndiye aliyeuimba. Kwenye ubeti wa pili mwimbaji alivuta pumzi, kisha pakawa kimya. Kimya cha kitambo kidogo tu, halafu wimbo ukaendelea na safari yake.

"Ni memory card yako hiyo," alimwambia. "Ngoja nikuwekee ingine."

Akamnakilia upya kutoka kwenye kompyuta, akaujaribu kabla ya kumrudishia simu. Kimya kilikuwa palepale, na safari hii kilikuwa kirefu zaidi. Hakumwambia mteja. Alimwambia arudi Jumatatu, fundi atakuwepo.

Fundi alikuwa mumewe, Micah Kimaiyo, mwenye duka. Watu wa Nakuru walimjua kwa usafi wa sauti. Wenzake pale karibu na soko walizibana nyimbo mpaka mia zikaingia kwenye kadi moja, na ngoma ikawa inalia kama sufuria inayogongwa na mwiko. Micah hakukubali upuuzi huo. Aliamka alfajiri akaenda cyber kabla mtandao haujazidiwa na watu, akashusha mafaili makubwa makubwa ambayo wengine hawakuwa na subira nayo, na mtu akinunua kile kidude cha kuchezea muziki kwenye duka la Rupinder, jirani yao, Rupinder mwenyewe alimwelekeza: nenda kwa Micah akujazie vitu safi. Nyuma ya duka palikuwa na chumba kidogo ambacho kuta zake zilifunikwa kwa trei za mayai ili mwangwi usiingie. Humo ndimo Micah alimorekodi waimbaji.

Na humo ndimo alimorekodiwa Chesang. Huyo alikuwa msichana wa Keringet, mwembamba, mwenye aibu ya kusema lakini asiye na haya hata chembe ya kuimba. Alikuja mwishoni mwa mwaka 2007, kabla ya uchaguzi, akaimba wimbo wa mvua mara moja bila kurudia, Micah akabaki amekodoa macho. Na kama wafanyavyo waimbaji wengi wa huku kwetu, alikuwa ameliweka jina lake ndani ya wimbo wenyewe. Kwenye ubeti wa pili alijitaja: ni mimi Chesang, binti wa Keringet. Hiyo ndiyo alama ya mwimbaji. Jalada linaweza kupotea, CD ikakwaruzika, wimbo ukarushwa kutoka simu hadi simu hadi usijulikane ulianzia wapi, lakini jina lililo ndani ya wimbo husafiri nao.

Micah alimwambia aende nyumbani, ataitwa. Kisha akakaa mbele ya kompyuta, akalikata lile jina, akaziunganisha kingo za sauti kwa ustadi hata sikio la mjuzi lisingegundua. Alitaka nyota ndani ya nyumba yake mwenyewe, na Zeddy alikuwa na sura ya kutazamwa.

"Na yeye?" Zeddy aliuliza siku ya kupigwa picha.

"Tulielewana," Micah alisema.

Zeddy hakuuliza tena. Tuseme ukweli, picha ilitoka nzuri, na ilimpendeza kuamkiwa barabarani na watu asiowajua. Mtu akipewa sifa zisizo zake huwa hana haraka ya kuzirudisha.

Januari, baada ya uchaguzi, mji ukawaka kwa fujo. Zeddy alikuwa Rongai kwa mama mkwe wake, Chelagat. Micah alisema siku zile zote alijifungia nyumbani kwao Lanet, mjini hakukanyaga. Utulivu uliporudi wakasikia kwamba msichana wa Keringet alikutwa amekufa kwenye kichochoro cha ubavuni mwa duka lao, kati ya majivu ya matairi. "Maskini," Micah alisema, akakohoa kile kikohozi chake kifupi cha mara mbili, kama mtu anayemeza kitu. "Sijui alikuwa anatafuta nini huku." Wimbo ukaendelea kuuzwa. Mimba ya Zeddy ikaanza kuonekana.

Ndipo ukaja ule ukimya.

Wiki ileile waliorudisha simu hawakuwa mmoja wala wawili. Walitoka Lanet, walitoka Molo, kila mtu na lalamiko lilelile. Ukimya ulikuwa umerefuka, na ulikuwa umehamia kwenye nyimbo nyingine zilizotoka kwenye kompyuta ile, za injili, za reggae, hata za Kihindi alizokuwa akijaziwa Rupinder: mwimbaji yeyote, mwanamume kwa mwanamke, akifika katikati alivuta pumzi ileile ya kike, kisha akanyamaza. Na duka likaanza kunuka. Zeddy alifagia, akamwaga dawa, akafungua madirisha mchana kutwa, lakini kila kompyuta ilipowashwa ilitoa harufu ya mpira uliochomwa, nzito, inayoganda kooni. Micah alisema ni waya. Akabadilisha waya zote, harufu ikabaki.

Alasiri moja ya mvua Rupinder aliingia, mwanamke mnene asiye na subira, amebeba headphone zile kubwa zinazofunika sikio zima.

"Zeddy, watu wananirudishia player wanasema nimewauzia mbovu," alisema. "Player zangu haziko na makosa. Wewe unasikiliza na hizi earphone za simu, utasikia nini? Weka ile file kubwa, ile haijabanwa. Vaa hii. Sikiliza vizuri."

Zeddy alizivaa. Mvua ya nje ikatoweka, sauti ya Rupinder ikatoweka, akabaki yeye na wimbo. Ulikuwa safi kiasi kwamba alisikia ulimi wa mwimbaji ukigusa meno. Ubeti wa pili ukafika, pumzi ikavutwa, na kimya kikaingia, ila kwa headphone zile hakikuwa kimya, kilikuwa mahali, palikuwa na upepo ndani yake na makelele ya watu mbali, na vioo vikivunjika, na kitu kikubwa kikiungua kwa mvumo, kisha miguu ikaja mbio ikasimama karibu sana, na mlango wa chuma ukagongwa, ukagongwa tena kwa viganja vyote viwili, na sauti iliyoimba wimbo wa mvua ikasema kwa kunong'ona, kama mtu anayeogopa kusikiwa na wengine isipokuwa mmoja, "Micah, ni mimi, najua uko ndani, fungua, wanakuja," na upande wa huku wa mlango, karibu na sikio la Zeddy kuliko vyote hivyo, redio ikapunguzwa sauti polepole, kiti kikalia, na mtu akakohoa, kifupi, mara mbili, kama anayemeza kitu.

Alizivua headphone. Mtoto alikuwa amegeuka tumboni.

"Umesikia?" Rupinder aliuliza kwa sauti ya chini. "Huyo anakohoa ni nani?"

"Sijui," Zeddy alisema. Alijua kama anavyojua mto wake wa kulalia.

Alimngojea Micah atoke cyber. Hakupiga kelele. Alifunga mlango wa chuma nusu, akasimama mbele yake.

"Ulisema ulikuwa Lanet."

Micah alitazama headphone zilizokuwa juu ya meza, akakaa.

"Nilikuja kuchukua kompyuta kabla haijaibiwa," alisema. "Ningefanya nini, Zeddy? Ningefungua, wangeingia hao wote."

"Alikuja kufanya nini siku kama hiyo?"

"Alikuwa mjini tangu krismasi, kwa shangazi yake. Alikuwa amesikia wimbo kwa matangazo ya sokoni." Aliinamisha kichwa. "Alitaka jina lake. Alikuwa ameshakuja mara ya kwanza, akasema nirudishe tu jina, hataki kingine."

"Na ulipomsikia mlangoni, uliogopa hao watu, ama ulifurahi?"

Micah alianza kuukunja waya wa headphone. Zeddy akaelewa ameolewa na mtu gani, na uchungu ukampanda, lakini ulikuwa umechanganyika na aibu, kwa sababu sura iliyokuwa kwenye jalada ni yake. Wakati huohuo stima ikapotea barabara nzima. Feni ikasimama, taa zikazimika, kompyuta ikafa. Na kutoka kwenye spika, zisizo na umeme, ikatoka pumzi ya mtu anayejiandaa kusema.

Rupinder ndiye aliyewaletea maalim kutoka Bondeni, mzee wa maneno machache aliyewahi kumtuliza shemeji wa mfanyakazi wa Rupinder alipopandwa na jini. Maalim alivaa headphone, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akazivua taratibu na kuziweka mezani.

"Nimezoea kufukuza," alisema. "Jini hufukuzwa kwa kuwa limeingia pasipo pake. Huyu nitamfukuza vipi? Wimbo ni wake, yumo nyumbani kwake. Nyinyi ndio wageni. Lile jina mlilolitoa bado lipo?"

"Lipo," Micah alisema. "Kuna CD ya kwanza, haijakatwa."

"Basi lirudishe mahali pake. Mlango ukiwa wazi, mchana, watu wakisikia, uupige wimbo na useme ni wa nani. Wala usifute kitu. Kufuta ndiko kulikoleta haya. Usipompa pa kuliweka jina lake, atapatafuta mwenyewe."

Micah aliapa atafanya hivyo kesho yake. Lakini kulirudisha jina ni kusimama mbele ya soko zima na kukiri, na wenye kusikiliza wangeuliza tu msichana alikufa wapi na mlango ulikuwa wa nani. Kesho yake alifika dukani peke yake, akaitia moto CD ya kwanza kwenye karai, akaifuta kompyuta yote mpaka ikawa tupu kama ilivyotoka kiwandani. Alirudi Lanet akiwa na nyama ya kuchoma na uso wa sikukuu.

"Imeisha," alisema. "Nimefuta kila kitu. Hata harufu hakuna."

"Maalim alisema usifute."

"Maalim anajua kompyuta?"

Na kweli, duka lilitulia. Wimbo wa mvua ulitoweka kwenye simu za watu, mtu akiutafuta anakuta nafasi tupu. Nyimbo nyingine zilirudi kuimba mwanzo hadi mwisho. Micah akaanza kupiga mluzi tena.

Kilichofuata hakikuanzia kwenye wimbo wowote. Alimpigia mteja simu, akasema, "Hallo, ni Micah hapa." Upande wa pili ukauliza, "Nani?" Akarudia. "Nani? Husikiki, boss. Unasema 'ni', alafu unapotea." Akalaumu mtandao, akanunua laini nyingine. Akaenda benki, akaulizwa jina, akalitaja, na binti wa kaunta akamsogezea sikio mara nyingi mpaka watu wa foleni wakaanza kuguna. Wengine wakimwita, jina lilisikika sawasawa. Akijitaja mwenyewe, midomo ilicheza na pumzi ikatoka, jina halikutoka. Zeddy alimwona akisimama mbele ya kioo cha bafuni, mlango haujafungwa vizuri, akijaribu tena na tena kujiambia yeye ni nani, na jasho linamtiririka mgongoni. Hakumhurumia. Aliliogopea tumbo lake.

Mtoto alizaliwa Septemba, msichana, mzima wa viungo. Alifungua kinywa kulia kama watoto wote, kifua kikajaa, uso ukawa mwekundu, na hapakutoka sauti. Alivuta pumzi tu, akaishikilia, akingoja. Manesi walimpiga mgongo, daktari akamwangalia koo na kusema halina kasoro. Lakini hakushika titi. Maziwa yalimdondoka pembeni mwa mdomo, na kila siku alizidi kuwa mwepesi mikononi mwa mama yake. Daktari alisema akiendelea hivyo watamlaza na kumtia mpira wa puani, na Zeddy aliona machoni mwake kwamba hata yeye hana hakika. Kila mara mtoto alipofungua kinywa Zeddy alisikia kile kimya, urefu uleule, na alijua ni cha nani.

Chelagat alikuja kutoka Rongai na wanawake wawili wa ukoo. Alimtazama mjukuu wake, akamtazama Zeddy.

"Hajaitiwa mtu wake," alisema. "Mnazaa mtoto mnakaa naye tu kama paka? Ndio maana anakataa. Anangoja."

Basi asubuhi hiyo wakafanya kama walivyofanyiwa wao na mama zao. Wanaume wakatolewa nje, mlango ukafungwa kwa komeo, Chelagat akampakata mtoto na kuweka ugoro kidogo karibu na pua yake. Wakaanza kuwaita waliotangulia, mmoja baada ya mwingine. Mtoto huwasikiliza, na ukifika kwa yule aliyekuja naye, hupiga chafya, na huyo ndiye wake. Walimwita mama wa Chelagat. Mtoto alitulia. Wakaita shangazi zake, nyanya zake, wa upande wa baba wakaisha, wakaingia upande wa mama, wakataja mpaka waliokufa wakiwa wachanga. Ugoro ukaongezwa mpaka wanawake wenyewe wakapiga chafya. Mtoto alikuwa amefungua kinywa na kujaza kifua, na hakutoa ile pumzi. Midomo yake ikaanza kugeuka buluu.

"Tumemsahau nani?" Chelagat alinong'ona, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilitetemeka. "Zeddy, kuna mtu yeyote tumemsahau?"

Zeddy alikuwa na jina hilo kwenye ulimi. Alijua kwamba kulitaja ni kumkaribisha ndani mtu asiye wa ukoo, mtu mwenye haki ya kuwachukia, akae kwenye mwili wa binti yake, ale kwenye sahani zao, akue chini ya paa la mtu aliyemfungia mlango. Alijua pia kwamba dunia nzima hapakubaki mahali pengine palipoandikwa wala kurekodiwa sauti ikilitamka. Alimtazama mwanawe akizama kwenye ile pumzi, na moyo wake ukakata shauri kabla ya kichwa.

"Chesang," alisema. "Mwiteni Chesang, binti wa Keringet."

"Huyo ni wa nani kwetu?" mmoja wa wanawake aliuliza.

Mtoto akapiga chafya. Akapiga tena, kisha akaitoa ile pumzi yote, na kilio chake kikajaa chumba, chembamba, safi, hakina mkwaruzo hata mmoja. Zeddy alikuwa amekisikia kwenye zile headphone. Chelagat hakuuliza zaidi. Alikuwa amechoka, na mtoto alikuwa hai, akamrudisha kwa mama yake, na mtoto akashika titi kwa nguvu mpaka likauma.

Ndipo mlango ukagongwa.

"Nani?" Chelagat aliuliza.

"Ni," sauti ya mwanamume ilisema, kisha pakawa na pumzi tu. Mlango ukagongwa tena, kwa viganja viwili. "Ni mimi. Fungua. Ni..." Chini ya mlango ilikuwa inaingia harufu ya mpira unaoungua, ingawa nyumba zote za Lanet zilikuwa kimya na jua lilikuwa likiwaka.

"Sema jina lako," Chelagat alisema. "Hapa ndani kuna mtoto mchanga, mimi sifungulii mtu asiyejitaja." Akamgeukia Zeddy. "Wewe unaijua hii sauti? Mimi naona kama naijua, lakini hainijii."

Mlango uligongwa tena, na sasa Zeddy alisikia kwamba Micah hakuwa peke yake, kulikuwa na miguu mingi nyuma yake inakuja mbio, na akasikia akinong'ona karibu kabisa na tundu la ufunguo, akiliita jina la mke wake na jina la mama yake na kila jina analolijua isipokuwa lake, akisema wanakuja, tafadhali, wanakuja. Lilikuwa neno moja tu. Angelisema yeye Zeddy, mama mkwe angemtambua mwanawe na kunyanyua komeo.

Mtoto aliacha kunyonya. Alifungua macho akamtazama mama yake usoni, ametulia, kama mtu aliyekuja kusikiliza.

"Hapana, mama," Zeddy alisema. "Simjui."

Nje mtu alikohoa kifupi, mara moja, na cha pili hakikutoka. Walipofungua baadaye baraza ilikuwa tupu. Chelagat alichukua ndoo akamwaga maji mlangoni kuondoa ile harufu, akilalamika kuhusu vijana wa siku hizi wanaochoma matairi bila sababu. Ndani, Zeddy alimweka Chesang begani kumtoa hewa. Mtoto alikuwa ameshiba, na alikuwa anaimba kwa chinichini wimbo wa mvua.